Maziwa ya Mwalimu

Hapana, Mkuu wa shule hakuyanywa. Naona mnajiandaa kuniuliza. Nikianza tu habari za Mwalimu kila mtu ananiuliza hilo, sasa nalijibu kabla hamjafungua mdomo, tukae kwa amani. Aliyashika, ndiyo. Aliyanusa, ndiyo. Kuyanywa, hapana.

Ilikuwa saa nne, mimi nakoroga uji wa watoto. Nilikuwa mpishi pale, shule moja ya huku kwetu Kishanda, watoto wakiniita Bibi Uji. Mkuu akaingia jikoni na kikombe chake cha chai. Yule akiongea ni kama anasoma tangazo la msiba, hivi: "Bibi. Je. Maziwa. Yapo?" Nikamwambia hayapo. Macho yake yakaenda kwenye ndoo yangu ya maji ya chemchemi. Mle ndani imesimama chupa, imefunikwa jani la mgomba. "Na haya?" Akaitoa, akafungua, akaleta pua. "Haya. Ni ya. Ng'ombe gani?"

Mdomo wangu mimi haujawahi kunisubiri. Nikamjibu, "Ya yule anayefundisha hesabu darasa la nne."

Mae waitu! Aliirudisha ile chupa kwenye ndoo kama mtu anayerudisha kifaranga cha watu. Akatoka. Chai akaiacha, kikombe nikakinywa mimi. Tangu siku ile neno maziwa likamhama mdomoni moja kwa moja. Akitaka kumwita Mwalimu darasani, anasimama nje ya jiko anaangalia juu kwenye mti: "Bibi, mwambie mwenzako, ile... ile shughuli ikiisha, kipindi kinasubiri." Na mimi, kwa makusudi: "Shughuli gani hiyo, Mkuu?" Anakohoa. Anaondoka. Hadi anastaafu alikuwa anakohoa.

Sasa Mwalimu mwenyewe. Jina analo, ila kwangu alikuwa Mwalimu na kwake nilikuwa Bibi, ikatosha. Alikuwa na sauti mbili. Ya darasani ilikuwa kama panga linapita kwenye majani makavu: "Kaa chini! Haya, tuendelee tulipoishia!" Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Mvua ikinyesha kwenye bati mpaka hawasikii kitu, wakanyamaza, mvua ikipungua unamsikia: "Haya, tuendelee tulipoishia." Mtoto akianguka na kiti, wenzake wakacheka, anamwinua, anamfuta vumbi, tuendelee tulipoishia. Sauti ya pili ilikuwa ya stoo, na hiyo nadhani tuliijua mimi na mume wake tu. Ilikuwa ndogo, inakuja polepole, kama mtu anaongea na wewe huku anakumbuka ndoto.

Stoo ilikuwa nyuma ya jiko langu. Magunia ya unga wa mahindi, gunia la maharage, dirisha moja dogo. Pale ndipo alipokamulia. Siku ya kwanza kuniomba alisimama mlangoni anapinda pindo la kitenge kama mwari. "Bibi, naomba nikae humu kidogo, saa nne na saa saba." Nikamuuliza anaumwa? Akaniambia. Nikacheka mpaka mwiko ukaanguka. Sisi tulizoea kusema kukamua kwa ng'ombe, bojo, mtu hakamuliwi! Mimi wangu sita walikwenda na mimi shamba, mgongoni, wakilia nawavuta mbele wananyonya huku natoa magugu. Akaningoja nimalize kucheka. Halafu kwa ile sauti ndogo akasema, "Na mimi ningependa hivyo, Bibi. Lakini wangu yuko Nyanga."

Hapo nikaacha kucheka.

Maana mambo yalikuwa hivi. Likizo ya uzazi iliisha, mtoto ni wa miezi mitatu, kasichana. Mume wake ana kibanda pale Bilele, mjini Bukoba, anatengeneza redio na simu. Kazi ya Mwalimu iko huku Kishanda, chumba kimoja cha kupanga, na binti aliyeletwa kulea mtoto alikaa siku nne, akaona ukungu wa asubuhi wa huku, akasema kwao kuna msiba. Hakurudi. Basi mama mkwe, yuko Nyanga na kibanja chake cha ndizi na kahawa, akasema: leteni mjukuu wangu. Nyanga na Kishanda si mahali pa kwenda na kurudi kila siku kwa mshahara wa mwalimu. Ijumaa jioni anakwenda, Jumapili jioni anarudi. Siku mbili mtoto ananyonya, siku tano hanyonyi.

Mwalimu aliomba uhamisho wa kwenda mjini. Huku anasubiri karatasi, alijiapia jambo moja. Aliniambia ameegemea gunia la unga: "Bibi, mtoto wangu nimemnyima kila kitu. Hanioni, hanisikii, usiku hanishiki. Kitu kimoja tu ndicho kitamfikia kutoka kwangu kila siku. Hicho kikikatika, mimi nitakuwa mgeni wa Ijumaa."

Nikamfagilia stoo. Nikamwekea kigoda.

Kipampu chake kilikuwa cha mkono, cha plastiki, na kilikuwa na sauti yake. Nyiii-shwa. Nyiii-shwa. Kama mlango wa mbali unafunguka na hakuna anayeingia. Upande mmoja wa ukuta darasa la pili wanaimba jedwali, mbili mara mbili, mbili mara tatu, upande huu moshi wangu unapenya kwenye tundu, na yeye kafumba macho. Mimi nje nakoroga. Nikajikuta nakoroga kwa kufuata ile sauti. Hata leo ukungu ukishuka ukafunika migomba ikabaki vichwa tu, nikiwa nimekaa peke yangu, naisikia. Nyiii-shwa. Nageuka, hakuna mtu.

Maziwa hayatoki kwa amri, hilo nyie wanaume mnaocheka hapo hamlijui. Mwalimu alikuwa na kikofia cha mtoto, kile ambacho hakijafuliwa. Jumatatu anakuja nacho kimejaa harufu ya kule, harufu ya kichwa cha mtoto, anakiweka puani anafumba macho na chupa inajaa. Jumanne inajaa. Jumatano nusu. Alhamisi harufu imekwisha, kikofia kinanuka stoo, kinanuka unga na moshi wangu mimi, na maziwa yanakuja machozi machozi. Alhamisi nilikuwa namwongelesha. Namwigizia Mkuu. Namwigizia padri wetu anavyopiga chafya katikati ya sala. Akicheka, yanashuka.

Na alikuwa mtu wa mpango. Kila chupa aliandika saa. Mimi kusoma sikusoma, yeye aliligundua hilo bila kuniuliza, na hakunifanyia lile tabasamu la huruma ambalo wasomi wanawafanyia wazee. Kesho yake tu chupa ya saa nne nikaikuta imechorwa jua zima na miale yake. Ya saa saba ina jua nusu, linaegemea mlima. "Jua zima ndilo litangulie kunywewa, Bibi." Nikamwambia, sasa nimesoma. Akasema, "Umefaulu."

Ila huyu huyu wa mpango alikuwa mwongo! Darasani mtoto akidanganya kwamba daftari limeliwa na mbuzi, Mwalimu anamkazia macho mpaka daftari linafufuka. Lakini kwenye daftari la zamu la ofisini, kila siku, saa nne na saa saba, aliandika yuko wapi? "Nakagua stoo." Kwa mkono wake mzuri kabisa. Siku moja akaja mkaguzi kutoka wilayani, amevaa miwani kwenye paji la uso, akasoma lile daftari, akamwita Mkuu mbele yetu sote. Huyu anaongea harakaharaka kama kuku anayedonoa: "Nimetembea, nimetembea, sijaona shule ambayo stoo inakaguliwa mara mbili kwa siku, mara mbili, huyu mwalimu ni mfano, ni mfano!" Mkuu akakohoa. Mwalimu akaangalia viatu. Mimi nikatoka nje nikaenda kuchekea nyuma ya choo.

Mwili wenyewe ulikuwa haumfichi. Siku moja darasa la kwanza kuna mtoto alipigwa na mwenzake akalia, kilio chembamba kama cha mtoto mchanga. Mwalimu yuko kwake, darasa la nne, ameshika chaki. Sweta ikalowa mbele, palepale. Nilikuwa napita na ndoo nikaona. Alichukua daftari la mahudhurio, akalikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, akaendelea kufundisha mpaka kengele, bila kugeukia ubao hata mara moja. Watoto wakawa wanaambiana njiani, Mwalimu anatupenda mpaka anakumbatia majina yetu. Mimi nikawaambia ndiyo, ndivyo ilivyo.

Sasa nisikilizeni hapa.

Maziwa ya mtu yakikaa yanajigawa. Juu yanakuwa mafuta, chini yanabaki majimaji ya bluu kwa mbali, kama maji uliyooshea mchele. Mara ya kwanza kuyaona hivyo kwenye ndoo nilipiga kelele. "Mwalimu, yamekatika!" Maana ya ng'ombe nayajua, nimelelewa nayo. Yakijigawa hivyo yamekwisha, na ukimpa mtoto unamtafutia tumbo. Mwalimu akaja anatembea tu, hana wasiwasi. Akaishika ile chupa akaizungusha polepole, hivi, kama unambembeleza mtu. Yakarudi kuwa kitu kimoja, meupe. "Ndivyo yalivyo, Bibi. Hayajaharibika. Yanataka kuzungushwa tu." Nikasema, kumbe! Mzee mzima, watoto sita, sikulijua. Ningelijulia wapi, yangu yalikuwa hayakai kwenye chupa.

Saa tisa inapita gari ya kwenda Bukoba. Mwalimu alinunua kideli kidogo cha bluu, kile kisanduku cha kutunza baridi, tunapanga chupa zetu na barafu ya pale dukani barabarani, dereva anapiga honi: "Mzigo wa nyonyo upo?" Fidhuli yule. Lakini hakuukosa hata siku moja, na hakuukalisha juani. Bilele anashusha kwa mume, mume anapanda pikipiki, jioni maziwa yako Nyanga. Kesho kideli kinarudi na chupa tupu, zimeoshwa, zinang'aa.

Mara moja tu gari haikupita, daraja lilijaa maji. Maziwa yakalala, asubuhi yananuka uchachu wa kweli. Mwalimu akayabeba kwenda kuyamwaga kwenye mfereji, uso umemvimba kwa kulia. Nikamkamata mkono. "Koma! Maziwa ya mama hayamwagwi njiani watu wakayakanyaga. Sisi tulivyokuzwa, yakiharibika yanapelekwa kwenye mgomba." Tukaenda wote nyuma ya jiko, tukayamimina shinani, polepole, yakazama kwenye majani makavu. Akapumua. Akasema, "Hata kuyazika kumbe kuna adabu yake."

Akafurahi nalo sana neno hilo. Jioni akampigia mama mkwe wake. Nilikuwepo, nikaisikia sauti ya yule mama kwenye simu, nyembamba, safi, kila neno limepigwa pasi: "Huyo mpishi wenu ni mtu aliyelelewa. Mimi mwenyewe nafanya hivyohivyo, kwenye mgomba tuliozikia kitovu cha mtoto. Mwambie namsalimu." Mimi nikavimba kichwa wiki nzima kwa kusalimiwa kutoka Nyanga.

Nilikuwa namuuliza Mwalimu, kule wanajua kuyazungusha? Yule mtu aliyefundisha shule nzima, aliyemfundisha hata Mkuu kutumia simu yake, akaniambia, "Bibi, mimi nikifika pale napiga magoti, nasalimia, naangalia chini. Yeye amelea saba. Nianzie wapi kumwambia mtoto ananyweshwaje?" Na kweli, ungeanzia wapi? Kwetu muka mwana, mke wa kijana wako, hamfundishi mama mkwe kulea. Ataambiwa kiburi cha shule. Basi kila jioni ilikuwa, "Shikamoo Mama. Mzigo umefika?" "Umefika, mwanangu. Pole na kazi." "Mtoto?" "Mzima. Ananenepa." Simu imekatwa. Mwalimu anakaa na ile simu mkononi, anatabasamu peke yake, ananenepa, ananenepa, kama anaimba.

Siku moja naosha chupa ya jua nusu. Imerudi safi kama kawaida, lakini pale penye mikunjo ya kifuniko pana udongo. Kidogo, mweusi, ule wa kibanja. Nikasema, ni wa barabara. Barabara yetu ni nyekundu, jamani. Nikaosha nikanyamaza.

Alikamua masika, akakamua kiangazi, akakamua msimu wa senene watoto wakikimbiza senene uwanjani na yeye kajifungia stoo. Uhamisho ukaja mtoto akiwa anatembea kwa kushika ukuta. Siku ya kuondoka alichora jua zima kwenye mlango wa stoo kwa chaki. Mvua haifiki pale, bado lipo.

Siku hizi simu zangu hapokei. Na nimesikia kwa watu wa Bilele kwamba hali ndizi. Mhaya, muka mwana wa Nyanga, anakula wali! Anasema tumbo. Siyo tumbo. Mimi nilikuwepo.

Aliniita mwenyewe, miezi kadhaa baada ya kuhama, Jumapili, nikale chakula Nyanga. Nikapanda gari na gauni langu la kanisani. Mama mkwe nikamwona kwa mara ya kwanza: mfupi, mweupe wa nywele, ametandika nyasi mbichi ndani nyumba nzima inanukia kama asubuhi. Tukasalimiana kwa kushikana mikono muda mrefu, wazee wawili. "Nyegera, waitu, ndiye wewe?" "Ndiye mimi." Nikampenda palepale. Na mtoto huyo, mashavu! Akanikimbilia akanivuta kitenge, kumbe anataka pipi.

Mlangoni umesimama mgomba. Mimi nimezaliwa kwenye migomba, nimelala chini yake, nimezika watu kwenye kivuli chake, sijauona kama ule. Mweusi kwa afya, shina mikono yangu miwili haikutani, na pembeni mwenzake ameshakatwa mkungu, watoto wake wanatoka wengi wengi. Upepo ukipita majani yalikuwa yanafanya sauti nikasimama kusikiliza. Nikasema moyoni, hii sauti naijua.

Tukaletewa ndizi na maharage kwenye jani. Mae, laini! Tamu mpaka unafumba macho. Mwalimu alikula kama mtu aliyetoka safari, akajiongeza, akajiongeza tena, mtoto kamkalia mapajani anamlisha kwa vidole. Jua linaingia mlangoni limepita kwenye majani limekuwa la kijani, linacheza kwenye nyasi, nikasema kama ndivyo mbinguni kulivyo, basi sina haraka lakini sina hofu.

Halafu Mwalimu akafuta mikono. Akamweka mtoto chini. Akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, na kwa mara ya kwanza akamwangalia usoni. Akasema kwa ile sauti ya stoo, "Mama, sijawahi kukushukuru. Mimi nilikamua kila siku, na wewe kila siku ukamnywesha. Bila mkono wako angekua bila mimi."

Yule mama akaweka chini kikombe. Akaangalia mlangoni. Nilimwona anatafuta neno la kuzungukia, na hakulipata, maana hakuwa mtu wa uongo. Na mimi, mdomo wangu huu! Kimya kilinishinda, nikataka kukichangamsha, nikadakia: "Na ndizi hizi je, mama? Mnazipa nini, mbona tamu hivi?"

Akanigeukia. Nadhani alifurahi kuulizwa lenye jibu.

"Nazipa maziwa yake," akasema. "Yalikuwa yanafika yamekatika kila siku, maji chini, mafuta juu. Mtoto nimemlea kwa ya ng'ombe."